Ruzuku za utafiti wa teknolojia: tunaachwa kwenye masharti kabla andiko halijasomwa

Chemchem (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila tangazo la ruzuku ya utafiti likitoka, humu huzuka ubishi ule ule. Kundi moja linasema wafadhili wanatubagua waziwazi. Kundi jingine linasema tuache kulialia, maandiko yetu ndiyo dhaifu. Kazi yangu ni kuandika maandiko na kusimamia miradi, na naona makundi yote mawili yanagombania hatua ya mwisho wakati mambo yalishaamuliwa hatua ya kwanza. Yule anayesoma andiko na kutoa alama mara nyingi ni mtu mwadilifu tu, wala hajali umetoka wapi. Ukitaka kujua nchi zinazoendelea zinavyoachwa nyuma kwenye fedha za utafiti wa teknolojia, soma ukurasa wa masharti, ule ambao wengi wetu tunauruka ili tuwahi sehemu ya sayansi.

Naanza na kipengele kinachosinzisha kuliko vyote, maana ndicho chenye hela: gharama zisizo za moja kwa moja. Hii ni asilimia inayoongezwa juu ya bajeti ya mradi kulipia vitu ambavyo huwezi kuviandikia mradi mmoja: umeme, jengo, mhasibu, mwanasheria, mtu wa kutunza seva, kamati ya maadili, ofisi ya manunuzi. Bila hivyo mradi haufanyiki, lakini hakuna mradi unaoweza kudai jengo ni lake peke yake.

Sasa tazameni. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ndiyo mfadhili mkubwa wa utafiti wa tiba kuliko wote wa serikali duniani, na humo mna vifaa tiba, jenomu, programu za afya na mengine mengi. Kwa miaka mingi imekuwa na mizani mbili. Chuo cha Marekani hukaa mezani na serikali yake na kukubaliana kiwango chake, na kwa vyuo vikubwa kiwango cha zaidi ya asilimia 50 ni jambo la kawaida. Taasisi ya nje ya Marekani inapewa asilimia 8, basi. Hakuna meza wala mazungumzo. Na ukiisoma kanuni yenyewe, hiyo 8 imeelezwa kuwa ni ya kusaidia kutimiza masharti ya serikali ya Marekani, kama ukaguzi wa hesabu na ulinzi wa watu wanaoshiriki utafiti. Kwa hiyo hata hiyo ndogo haikutolewa kwa ajili ya umeme wako.

Hesabu nyepesi, ya mfano tu: watafiti wawili, kila mmoja ana kazi ya dola 200,000. Wa kwanza yuko kwenye chuo chenye kiwango cha asilimia 55, taasisi yake inaongezewa dola 110,000. Wa pili yuko nje, taasisi yake inaongezewa 16,000. Na kama huyu wa pili ameingia kama mshirika mdogo chini ya yule wa kwanza, chuo cha kwanza kinakata asilimia yake pia juu ya sehemu ya fedha zinazopita tu kwenda kwa mshirika. Zamani ilikuwa juu ya dola 25,000 za mwanzo, na kanuni za serikali kuu ya Marekani zilizorekebishwa mwaka 2024 zimeruhusu hadi 50,000.

Mwaka mmoja huioni tofauti. Iache iendelee kwa miaka 20. Taasisi ya kwanza sasa ina ofisi nzima ya ruzuku, watu ambao kazi yao ni kusoma matangazo, kupanga bajeti na kukumbusha tarehe. Ya pili ina mhadhiri mmoja anayeandika usiku baada ya kusahihisha mitihani. Halafu linakuja tangazo jipya, na kigezo kimojawapo cha alama kinasema "uwezo wa taasisi kusimamia mradi". Mwanasosholojia Robert Merton aliliandikia jambo hili mwaka 1968 na kuliita athari ya Mathayo, kwa sababu ya ule mstari wa Injili kwamba mwenye kitu ataongezewa. Anayetoa alama hapo hajambagua mtu. Anasoma tu matokeo ya kanuni ya asilimia 8.

Wapo watakaosema haiwezekani kuweka kiwango kimoja kwa wote. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027 uliotengewa mwanzoni takribani euro bilioni 95.5, unatoa asilimia 25 kwa kila mshiriki anayelipwa, awe Paris au Kampala. Na taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zinastahili kulipwa moja kwa moja, isipokuwa nchi chache kubwa kama China, India, Brazil na Mexico ambazo kwa kawaida hutakiwa kuja na fedha zao. Siwapambi Ulaya. Mada za matangazo yao zinapangwa Brussels kwa vipaumbele vya Brussels, na wewe unaalikwa kujibu swali ambalo hukuuliza. Lakini kwenye hiki kipengele kimoja wameonyesha kwamba usawa hauangushi mfumo.

Kitu cha pili ni nani anaruhusiwa kuongoza. Matangazo mengi yenye maneno matamu kuhusu "ushirikiano" yana sentensi moja katikati: mwombaji mkuu lazima awe na ajira kwenye taasisi ya nchi ya mfadhili. Sentensi hiyo inaamua nani anapanga swali, nani anashika fedha, jina la nani linakuwa mwanzo au mwisho kwenye makala, na hataza inaandikishwa wapi. Nyingine zote ni adabu tu.

Na cha tatu, fedha kulipwa baada ya kazi. Mfadhili anasema fanya, tumia, leta risiti, tutakurudishia baada ya robo mwaka. Chuo chenye akiba hakioni shida. Taasisi isiyo na akiba inabidi ikope, au icheleweshe mishahara ya vijana wa maabara, au iachane na ruzuku ambayo tayari ilishapewa kwa haki.

Nimeandika ndefu, mtanisamehe. Swali langu: kwa nini kwenye mijadala ya haki tunazungumzia idadi ya waliopata na waliokosa tu, na masharti haya hatuyagusi?

Jicho la Tatu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu umegusa penyewe.

Nyundo ya Chuma

Mleta mada, andiko lako ni zuri ila umemsamehe mtu mmoja: serikali zetu.

Umoja wa Afrika umekuwa ukiimba asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo kwa miongo kadhaa. Kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa Addis Ababa, Januari 2007, mada yenyewe ilikuwa sayansi na teknolojia, wakakubaliana tena. Ripoti ya Sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021 ikaonyesha Afrika kusini mwa Sahara iko kwenye nusu asilimia hivi, wakati wastani wa dunia unakaribia 2. Korea Kusini iko juu ya 4. Kenya ilitunga sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu mwaka 2013 inayosema mfuko wa taifa wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Sheria ipo, imesainiwa, na fedha za kiwango hicho hazijawahi kufika.

Sasa mtu asiyeweka hata senti kwenye chungu anataka achague mboga? Mfadhili wa nje anatumia kodi ya wananchi wake. Akitaka swali liwe lake, ni haki yake. Ukitaka swali liwe lako, weka fedha yako.

Na msiniambie sisi ni maskini ndiyo maana. Jimbo la São Paulo, Brazil, limeandika kwenye katiba yake ya 1989 kwamba asilimia 1 ya mapato ya kodi ya jimbo iende FAPESP, wakala wao wa utafiti. Inatumwa kila mwezi, haisubiri waziri afurahi. Na FAPESP wenyewe wamefungwa kisheria wasitumie zaidi ya asilimia 5 kwa utawala. Mawaziri wanakuja na kuondoka, mtafiti wa São Paulo anajua mwakani tangazo litatoka. Hapo ndipo haki inapoanzia.

Chemchem

Nyundo, kwenye FAPESP nakuvulia kofia, na naomba wengine wausome mfano huo vizuri. Siri yake haiko kwenye hiyo asilimia peke yake. Iko kwenye utaratibu: fedha inatoka bila kuombwa, kwa mwezi, na wakala hawezi kujilipa posho ikaisha. Misri nayo iliandika kwenye katiba ya 2014 kwamba utafiti upewe si chini ya asilimia 1 ya pato la taifa. Kuandika ni hatua ya kwanza tu, bomba la kupitishia fedha ndilo linaloleta tofauti.

Ila hapo kwenye "ni kodi yao, ni haki yao" tunatofautiana. Mimi sipingi mfadhili kuchagua mada. Akisema anataka kugharamia betri na hataki kugharamia mbegu, sawa. Ninachopinga ni kuita "ushirikiano sawa" kitu ambacho upande mmoja unaweza kukivunja barua ikishatumwa. Uingereza ilianzisha mfuko wa GCRF, pauni bilioni 1.5 kuanzia 2016, kwa jina la kutatua changamoto za nchi zinazoendelea. Machi 2021, serikali ilipopunguza fungu la misaada kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato la taifa, UKRI wanaogawa fedha hizo wakatangaza kwamba ahadi walizokwisha kuzitoa zinazidi walichopewa kwa pauni milioni 120. Miradi ilikuwa katikati. Watu walishaajiriwa, vifaa vilishaagizwa, vijiji vilishaambiwa watafiti watarudi.

Profesa aliyeko Uingereza alibaki na mshahara wake wa chuo. Mkusanya takwimu wa upande wa pili alikuwa na mkataba wa mradi, na mradi ukiondoka naye anaondoka. Hatari yote ya mkataba iliwekwa upande wenye uwezo mdogo wa kuibeba, na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye masharti tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2025 tumeona tena, kwa ukubwa zaidi, USAID ilipovunjwa. Maabara za ubunifu za kilimo zilizokuwa chini ya Feed the Future, mpango wa Marekani wa usalama wa chakula, zilikuwa na makao kwenye vyuo vya Marekani, kazi yenyewe iko kwenye mashamba ya nchi nyingine. Bomba lilipofungwa kule, huku hapakuwa na hata mtu wa kupokea barua rasmi, kwa sababu mkataba haukufungwa na taasisi za huku.

Bi Hesabu

Wanangu, niwaeleze mambo ya jikoni, mimi nimekaa upande wa uhasibu wa miradi.

Watu wanafikiri kuomba fedha ya serikali ya Marekani ni kuandika sayansi. Kabla ya sayansi, taasisi iliyo nje inatakiwa iwe na namba ya utambulisho ya NCAGE, kisha isajiliwe kwenye SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaoomba fedha zake, na kupata kitambulisho kinachoitwa UEI, ambacho kilichukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS Aprili 2022. Jina na anwani lazima vilingane kila mahali, herufi kwa herufi. Sasa wewe taasisi yako haina namba ya nyumba, inatumia sanduku la posta, na cheti cha usajili kina jina la zamani kabla chuo hakijapandishwa hadhi. Mfumo unakataa. Unaandika barua pepe, unajibiwa na mtu mwingine anayeanza upya. Tangazo lilikuwa na dirisha la wiki sita. Nimeona mtafiti mwenye wazo zuri sana akifungiwa mlango na koma iliyokuwa kwenye anwani.

Usajili ukipita, kuna shilingi kupanda na kushuka. Bajeti iko kwa dola au euro, mishahara unalipa kwa fedha ya nchi, vifaa unaagiza kwa fedha ya tatu. Mfadhili anakubali bajeti mwezi wa tatu, fedha inaingia mwezi wa kumi na moja. Hasara ya kubadilisha fedha ikitokea, wafadhili wengi wanasema hiyo si gharama halali. Faida ikitokea, wanataka irudishwe. Nani alipanga mchezo wa namna hiyo?

Halafu ukaguzi. Taasisi yenye wafadhili watano inakaguliwa na wafadhili watano, kila mmoja na fomu yake ya kurasa kadhaa inayouliza maswali yale yale: mna sera ya manunuzi, mna sera ya kuzuia rushwa, nani anasaini hundi. Shirika la viwango la Afrika lilishatoa kiwango cha usimamizi mwema wa fedha za ruzuku, ARS 1651 cha mwaka 2018, chenye ngazi za shaba, fedha, dhahabu na platinamu. Nia ilikuwa taasisi ithibitishwe mara moja na kila mfadhili aukubali uthibitisho huo. Wazo ni safi. Wafadhili wanalisifu kwenye mikutano, kisha wanakutumia fomu yao.

Na kwa mwanangu Nyundo: usidhani fedha ya ndani haina masharti mabaya. Kuna mfuko wa ndani, sitautaja, niliwahi kuusimamia upande wa mpokeaji. Awamu ya pili ya fedha ilikuja mwaka wa fedha ukiwa umebakiza wiki, na barua ikasema kisichotumika kirudi hazina. Unanunuaje mashine ya maabara kwa wiki moja kwa kufuata sheria ya manunuzi? Tuliirudisha. Kwenye ripoti ikaandikwa kwamba watafiti hawana uwezo wa kutumia fedha.

Nyundo ya Chuma

Bi Hesabu shikamoo. Hiyo aya ya mwisho imenimaliza, sina la kuongeza.

Mtambo

Mimi nataka tuongelee nani anabaki na kitu baada ya utafiti, maana humu watu wanaishia kwenye bajeti.

Chukueni M-PESA, mfano ambao kila mtu anaujua nusu. DFID, iliyokuwa idara ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, ilikuwa na mfuko wa ushindani kwa kampuni binafsi. Vodafone walipata karibu pauni milioni moja, na wao wakaweka kiasi kama hicho. Majaribio yakafanyika Kenya 2005, mwanzoni wazo likiwa ni kulipa marejesho ya mikopo midogo. Wateja ndio walioonyesha kwamba wanachotaka ni kutumiana hela. Machi 2007 huduma ikazinduliwa, na mengine mnayajua.

Sasa ile fedha ya umma ilimwangukia nani? Ilikwenda kwa kampuni ya Uingereza. Mfumo na jina vikawa mali ya Vodafone, na Safaricom waliokuwa wanaiendesha kila siku wakawa wanalipia kuvitumia. Mpaka Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipokamilisha kuvinunua kutoka Vodafone, ambao nao wana hisa humo humo. Wateja waliofundisha mfumo uwe kitu gani hawakuwa kwenye karatasi yoyote.

Sisemi ile ruzuku ilikuwa mbaya. Ilizaa kitu kikubwa kuliko miradi mingi yenye ripoti nene. Nasema sharti la haki miliki liliamuliwa siku ya tangazo, wakati hakuna aliyejua itakuwa M-PESA. Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada kuhusu ukurasa wa masharti. Anayesubiri teknolojia ifanikiwe ndipo adai sehemu yake anakuwa ameshachelewa.

Sauti ya Pwani

Upande wa akili mnemba mambo haya yanatokea sasa hivi tukiangalia. Lacuna Fund ilianza 2020 ikafanya jambo la maana: ilitoa fedha za kutengeneza seti za data za lugha, kilimo na afya kwa watafiti wa huko huko zinakotoka data, na wakaguzi wa maandiko wengi wakiwa wa kanda husika. Jumuiya kama Masakhane, iliyoanza 2019, zilionyesha kwamba lugha za Kiafrika zina wataalamu wake, kilichokosekana ni wa kuwalipa.

Lakini sharti la kawaida la fedha za namna hiyo ni kwamba data iwe wazi kwa wote. Kwa masikio ya mtafiti, uwazi ni jambo jema. Kwa vitendo, kampuni yenye ghala la kompyuta za mabilioni inapakua data yako mchana, na wewe uliyeikusanya huna hata mashine ya kufundishia modeli. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria wameandaa leseni inayoitwa NOODL, yenye masharti tofauti kwa mtumiaji wa nchi inayoendelea na kwa mtumiaji wa nchi tajiri. Naona ni hatua nzuri, ingawa sijaona mfadhili mkubwa akiiweka kama chaguo la kwanza.

Halafu viza. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za kwenda Montreal kwenye warsha ya Black in AI, jumuiya ya watafiti weusi wa akili mnemba, ndani ya mkutano mkubwa wa fani hiyo, NeurIPS. Walialikwa, kazi zao zimepita, mlangoni wakarudishwa. ICLR, mkutano mwingine mkubwa wa fani hiyo, ikapangwa Addis Ababa 2020, korona ikaifanya iwe ya mtandaoni, hatimaye ikafika Kigali Mei 2023. Mnajiuliza viza ina uhusiano gani na ruzuku? Wanaopanga matangazo ya mwakani wanakutana kwenye korido za mikutano hiyo.

Jicho la Tatu

Swali la kichokozi: kwa nini wasipige kura tu? Maandiko yote yaliyovuka kiwango yatiwe kwenye kapu, yachomolewe.

Chemchem

Jicho, sio uchokozi, watu wanafanya. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza 2013 kwa ruzuku zake ndogo za mawazo mapya, na British Academy ya Uingereza ilianza 2022 kwa ruzuku ndogo. Inaondoa upendeleo kwenye ile hatua ambapo wasomaji wanalazimika kutofautisha andiko la alama 84 na la 85, tofauti ambayo kusema kweli haipo. Naipenda. Ila kapu haliongezi asilimia 8 ikawa 25, na asiyesajiliwa kwenye mfumo hana hata karatasi ya kuchomolewa.

Nimekumbuka pia jambo ambalo tungeanza nalo. Mei 2025 NIH walitangaza kusitisha ruzuku mpya zenye washirika wadogo wa nje mpaka waweke mfumo ambao taasisi ya nje inapewa fedha yake moja kwa moja, kwa sababu wanataka kuona fedha inakwenda wapi. Wengi walilia, na haki walikuwa nayo, kwa sababu miradi ilikwama. Lakini kupewa moja kwa moja ndicho tulichokuwa tunaomba miaka yote. Sasa kitakuja bila ofisi ya ruzuku ya kukipokea, ile ile ambayo asilimia 8 haikuijenga.

Chipukizi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtafiti mchanga, nimetumiwa mkataba wa ushirikiano na chuo cha nje, wananipa siku chache nisaini. Niangalie nini? Naogopa nikiuliza sana wataniacha wachukue mwingine.

Bi Hesabu

Marahaba mwanangu. Usiogope kuuliza. Upande wa pili una mtu analipwa mshahara kwa ajili ya kuulizwa, na taasisi yako iulize, sio wewe binafsi.

Kwanza tafuta fedha inakuja lini. Omba malipo ya awali, hata ya robo moja ya mwaka, na usikubali "tutarudisha baada ya risiti" bila kumwonyesha mhasibu wako. Wafadhili wengi wanaruhusu malipo ya awali, ni mshirika mkuu tu ndiye hapendi usumbufu. Tafuta kiwango cha gharama zisizo za moja kwa moja walichokipa taasisi yako, na ulinganishe na kile walichojiandikia wao kwenye bajeti kuu. Bajeti kuu uombe uione yote, sio ukurasa wako tu. Wakikataa, umeshajua mnaanzaje.

Vitu ambavyo kiwango hakivilipi vihamishie kwenye gharama za moja kwa moja pale kanuni inaporuhusu: mhasibu wa mradi kwa nusu muda, intaneti, mafuta ya jenereta, ada za benki, ushuru wa vifaa. Viandike kwa jina. Ukivifunika chini ya "mengineyo", ndivyo vitakavyokatwa kwanza.

Kisha angalia kifungu cha kuvunja mkataba. Kama mfadhili anaweza kusimamisha, basi iandikwe kwamba mishahara ya walioajiriwa italipwa kwa muda wa notisi wa sheria ya kazi ya nchi yako.

Mtambo

Ongeza na haki miliki. Wakiandika "matokeo yote ni mali ya mshirika mkuu", badilisha iwe "kila upande unamiliki ulichozalisha, na kilichozalishwa pamoja kinamilikiwa pamoja". Hilo si ombi la ajabu, mikataba mingi ya Ulaya ndivyo ilivyo.

Chipukizi

Asanteni sana. Nimefungua tena mkataba. Kifungu cha malipo kinasema watalipa siku 60 baada ya kupokea ripoti ya fedha, na cha haki miliki kinasema kila kitu ni mali ya mshirika mkuu, kama alivyoonya Mtambo, neno kwa neno. Bajeti kuu sijaiona. Naandika barua sasa hivi.

Chemchem

Andika kupitia ofisi ya utafiti ya taasisi yako, na mkurugenzi awe kwenye nakala. Hapo kwenye siku 60 waombe malipo ya awali ya miezi mitatu, utaje kwamba ajira za wasaidizi haziwezi kuanza bila hayo. Wakikujibu, weka jibu humu, futa majina.